“Quoth” si “quote”: kitenzi kilichobaki na umbo moja tu

Swali la msomaji: “Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita na ninajaribu, kwa mapenzi yangu tu, kutafsiri shairi la Edgar Allan Poe, The Raven. Nimekwama kwenye mstari Quoth the Raven ‘Nevermore.’ Mwenzangu anasema quoth ni quote ya zamani, yaani kunguru ‘ananukuu’. Kamusi yangu ndogo haina neno hilo. Ni kitenzi gani hiki? Kimetoka wapi? Mbona kimekaa mbele ya kunguru badala ya nyuma yake? Na kwa Kiswahili nisemeje?”

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba hukuliruka neno hilo ukaendelea na mstari unaofuata, maana wengi huliruka. Nianze na mwenzako. Amekosea, lakini kosa lake lina sababu. Maneno mawili yanayofanana kwa sura, yote yanahusu maneno ya mtu, moja limezeeka na jingine linatumika kila siku: nani asingedhani ni baba na mwana? Ukweli ni kwamba hayana hata tone moja la damu ya pamoja.

Quote lilitoka katika Kilatini. Chanzo chake ni quot, maana yake “ngapi”. Katika Kilatini cha zama za kati likazaliwa quotare, kutia namba, kwa mfano kuzipa namba sura za kitabu ili msomaji azione upesi. Kiingereza kililipokea likiwa na maana hiyo ya kutia namba na alama pembeni mwa maandishi, na baadaye likahamia kwenye kutaja mahali fulani kitabuni, kisha kwenye kuyarudia maneno yenyewe. Ndugu zake halisi ni quota na quotient, maneno ya hesabu. Kwa hiyo quote ni neno la watu wa vitabu tangu mwanzo.

Quoth halijawahi kuwa na habari na vitabu. Ni neno la mdomoni, na maana yake ni fupi kabisa: “alisema”. Au, nikiwa mwangalifu zaidi, “akasema”. Nitakueleza kwa nini -ka- ni bora kuliko -li-, kwa sababu tofauti hiyo itakusaidia kwenye tafsiri yako.

Rudi nyuma miaka elfu moja. Kiingereza cha wakati ule, kile cha kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na kitenzi kamili cha kusema: cweþan. Herufi ile ya ajabu, þ, ni sauti ya “th” kama ya thelathini. Kilinyambulika kama kitenzi chochote chenye afya. Mimi nasema: ic cweþe. Yeye asema: he cwiþ. Yeye alisema: he cwæþ. Wao walisema: hie cwædon. Tazama hiyo cwæþ, wakati uliopita wa mtu mmoja. Ndiyo quoth yako, ila haijavaa nguo mpya. Baada ya uvamizi, waandishi waliozoea tahajia ya Kifaransa waliacha kuandika cw wakaandika qu. Cwen ikawa queen, malkia. Cwic ikawa quick, ambayo wakati ule ilimaanisha “hai”. Na cwæþ ikawa quath, na hatimaye quoth. Ukikutana na neno la Kiingereza lenye qu usiharakishe kusema ni la Kilatini. Baadhi ni wenyeji waliobadilishiwa herufi tu.

Mtawa mmoja aliyeitwa Ælfric, mwishoni mwa karne ya 10, alitafsiri sehemu ya kitabu cha Mwanzo kwa Kiingereza cha siku zake. Pale tunaposoma katika Biblia yetu ya Kiswahili “Mungu akasema, Iwe nuru, ikawa nuru”, yeye aliandika: God cwæð þa: Gewurðe leoht. Alama ð hapo ni sauti ileile ya “th”, waandishi walizitumia mbili hizo kwa kubadilishana. Basi kwa Mwingereza wa siku za Ælfric, kitenzi kilichotangulia amri ya kwanza kabisa ya Mungu kilikuwa ni hiki kinachokusumbua wewe leo. Ukifungua Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611, aya hiyohiyo inasema And God said. Kati ya matoleo hayo mawili kuna karibu miaka 600, na ndani ya miaka hiyo said ilikuwa imekikalia kiti cha quoth.

Wengi wakisikia neno la zamani la Kiingereza limekufa, hulaumu Kifaransa. Mara nyingi wana haki, kwa sababu Wanormani walileta maneno yao ya mahakama, jikoni na jeshini, na ya wenyeji yakasukumwa kando. Lakini quoth hakuuawa na mgeni. Say nayo ni ya nyumbani, ilitoka secgan, kitenzi kilichoishi na cweþan tangu enzi na enzi. Cweþan ilitumika hasa kutangulizia maneno yenyewe ya msemaji, wakati secgan ilikuwa na kazi pana zaidi: kusema, kueleza, kusimulia, kutoa habari. Mwenye kazi pana alizidi kutumika, na mwenye kazi moja akabaki na kazi yake hiyo moja. Maumbo ya cweþan yakapotea moja baada ya jingine. Umbo la wakati uliopo likaenda. Wingi ukaenda. Kikabaki kipande kimoja, “akasema”, kwa sababu kila anayesimulia kisa anakihitaji kila baada ya sentensi mbili.

Ndiyo maana quoth haina ndugu wa karibu katika jedwali la vitenzi. Huwezi kusema to quoth. Hakuna quothing. Hakuna quothed, ingawa utaiona mara kwa mara kwa watu wanaotaka kuandika kizamani bila kujua. Nimewahi kusahihisha insha ya mwanafunzi aliyeandika The headmaster quoth that we should go home. Nilipenda ujasiri wake, lakini sentensi ile haisimami. Quoth haifuatwi na that, haibebi maneno yaliyogeuzwa kuwa taarifa. Inabeba maneno mabichi tu, yale yaliyotoka kinywani kama yalivyo, na mahali pake panapopendeza zaidi ni katikati ya maneno hayo au mara baada ya kuanza kwake.

Sasa kuhusu swali lako la kunguru na nafasi yake. Kwa nini quoth the Raven na si the Raven quoth?

Kiingereza cha kale kilikuwa na mazoea ambayo Kijerumani kinayo mpaka leo: kitenzi kinapenda kukaa nafasi ya pili katika sentensi. Ukianza na mtenda, sawa, kitenzi kinamfuata, kama kwa Ælfric hapo juu, God cwæð. Lakini ukianza na kitu kingine, kitenzi kinang’ang’ania nafasi yake ya pili na mtenda anasogezwa nyuma. Injili za Kiingereza cha kale zimejaa sentensi hii: Þa cwæð se Hælend, “ndipo akasema Mwokozi”. Neno þa, “ndipo”, limeshika nafasi ya kwanza, cwæð ya pili, Mwokozi ya tatu. Na mtu anaposimulia mazungumzo, kitu kinachotangulia mara nyingi ni maneno yenyewe yaliyosemwa. Yakishakaa mbele, kitenzi kinafuata, kisha msemaji. Kiingereza kiliyaacha mazoea hayo karibu kila mahali, lakini quoth ilikuwa imeshaganda katika mkao huo. Ikabaki hivyo. Unaposoma quoth the Raven unaona sarufi ya kale kama mtu anavyoona kombe la pwani ndani ya jiwe la matumbawe.

Katika karne ya 14 Geoffrey Chaucer aliandika sana quod he, quod she, na hapo halikuwa neno la mapambo. Lilikuwa la kawaida kama “akasema” yetu. Shakespeare, miaka 200 hivi baadaye, analitumia bado likiwa na pumzi, lakini tayari lina ladha ya mtu anayesimulia kisa kwa mbwembwe. Katika As You Like It, Jaques anawaeleza wenzake alivyokutana na mchekeshaji msituni: ‘Good morrow, fool,’ quoth I. ‘No, sir,’ quoth he, ‘Call me not fool till heaven hath sent me fortune.’ Kwa Kiswahili: “‘Umeamkaje, mpumbavu,’ nikasema. ‘La, bwana,’ akasema, ‘usiniite mpumbavu mpaka mbingu itakaponipa bahati.’” Sikiliza jinsi quoth I na quoth he vinavyopokezana. Hiyo ndiyo sauti ya msimulizi anayeigiza pande mbili kwa mdomo mmoja, na ndiyo maana nilisema -ka- inalifaa kuliko -li-. -Ka- yetu ni ya masimulizi: inasogeza kisa mbele, inafungamanisha hili na lililotangulia. Quoth ilifanya kazi hiyohiyo.

Kuna mjukuu wake mmoja anayenifurahisha sana: quotha. Ni quoth a, ambapo hiyo a ni he iliyochakaa kwa kutamkwa haraka, kwa hiyo maana yake ya neno kwa neno ni “akasema yeye”. Lakini watu hawakulitumia kutoa taarifa, walilitumia kubeza au kukataa. Katika tamthilia ya Pericles, mtu aliyenusurika baharini anawaomba wavuvi msaada kwa sababu anakaribia kufa kwa baridi, na mvuvi anajibu: Die, quoth-a? Now gods forbid’t! Wewe na mimi tunalo neno la hapo bila hata kufikiri: “Kufa, eti? Miungu apishe mbali!” Eti! Tunalitumia tunapomrudishia mtu neno lake usoni, kwa mshangao au kwa dharau. “Eti umechoka.” “Eti hana hela.” Jinsi lugha mbili zisizojuana zinavyochukua “alisema hivyo” na kuigeuza kuwa “sikubali” ni jambo ambalo bado linanifanya niache kalamu na kutabasamu.

Nimelileta Kiswahili hapa kwa sababu kuna jambo kubwa zaidi ambalo ningependa ulione kabla hujarudi kwenye tafsiri. Sisi pia tunayo quoth yetu. Inaitwa kuamba.

Zamani kuamba ilikuwa kusema, basi. Leo ukimwambia mtu wa Dar es Salaam “nataka kuamba neno” atakutazama kama umetoka katika utenzi. Kusema imekikalia kiti, kama said ilivyofanya kwa quoth. Mahali ambapo kuamba imebaki peke yake, imepinda ikawa kumsema mtu vibaya, kumsengenya. Methali ya zamani inasema: “Mwamba na wako hukutuma umwambie”, yaani anayemsema vibaya jamaa yako mbele yako, ni kama amekutuma ukamfikishie. Katika maneno hayo machache kitenzi kimetokea mara mbili, mara ya kwanza kikiwa mzee, mara ya pili kikiwa kijana. Kwa maana kuambia ni kuamba iliyoongezewa kiungo cha kutendea: amba, ambia, kama pika, pikia. “Aliniambia” ni “aliamba kwangu”. Vijana wanaosalimiana “Niambie!” kwenye kituo cha daladala wanakitumia kitenzi cha kale asubuhi hadi jioni, na hawajui.

Halafu kuna kwamba. Igawe: ku-amba. Ni “kusema”. Unapoandika “alisema kwamba atakuja” umeandika, kwa asili, “alisema kusema atakuja”. Na ambaye, ambao, ambayo, maneno tunayoyatumia kurejelea, yamejengwa juu ya amba hiyohiyo. Kizulu nacho kina ukuthi, ambayo ni “kusema” na ni “kwamba” kwa wakati mmoja. Na jirani zetu Waganda wanakitumia kitenzi kikiwa kizima: okugamba ni kusema, ekigambo ni neno. Kwetu mti umekatwa, vichipukizi vimejaa shamba. Kwao shina bado limesimama.

Upande wa Ulaya mambo yamekwenda vilevile. Jamaa za cweþan zilienea katika lugha za kale za ukoo wa Kijerumani, ambao Kiingereza nacho kimo. Katika karne ya 4 askofu Wulfila aliwatafsiria Biblia Wagothi, watu wa ukoo huohuo, na humo “akasema” ni qaþ, ambayo hata bila kuijua lugha ile unaisikia ni quoth. Kijerumani cha kale kilikuwa na quedan, kikaipoteza. Lakini Kiaislandi, lugha ya kisiwa kilichojitenga baharini, kinayo kveða mpaka leo, na huko haimaanishi kusema tu bali kutunga na kughani mashairi. Shairi lenyewe ni kvæði. Poe hakuwa anaiwazia Kiaislandi, lakini ni vizuri ujue kwamba neno alilompa ndege wake, kwa jamaa wa mbali, ni neno la ushairi.

Na Kiingereza kilibaki na nini mbali na quoth? Kilibaki na bequeath, “kuachia mtu mali kwa wosia”. Watu wachache sana wanajua kwamba hilo ni cweþan iliyotiwa kiambishi mbele: be-cweþan, kutamka juu ya jambo, kutangaza. Maneno ya mirathi yametokaje katika kusema? Kwa sababu kwa Waingereza wa kale wosia ulikuwa tamko. Mtu alisimama mbele ya mashahidi akatamka nani apate shamba lipi na nani apate upanga, na maandishi yalikuwa kumbukumbu ya lile tamko. Wosia wenyewe uliitwa cwide, ambayo pia ni “msemo”.

Hapa Mswahili hana haja ya kuelezwa mara mbili. Kwetu kuusia ni kumwachia mtu maneno ya kushika, na wosia ni hayo maneno na pia ni mgawo wa mali. Ukihudhuria kikao cha familia baada ya msiba utasikia “marehemu aliusia” kabla mtu yeyote hajataja karatasi. Mwana Kupona wa Pate, mwaka 1858 hivi, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi unaoanza: “Negema wangu binti / mchachefu wa sanati / upulike wasiati / asa ukazingatia.” Sogea karibu, binti yangu, usikilize wasia. Na katika ubeti unaofuata anasema maradhi yamemshika hadi yametimia mwaka, “sikupata kutamka / neno lema kukwambia.” Wasia, kutamka, kuambia: vyote vimekaa pamoja ndani ya beti mbili, kama vilivyokaa pamoja ndani ya mzizi mmoja wa Kiingereza.

Nikurudishe kwa Shakespeare kidogo. Wosia wake una tarehe ya 25 Machi 1616. Kumhusu bintiye Judith, maneno ni I give and bequeath, na kiasi ni pauni 150. Basi mtu yuleyule aliyempa Jaques quoth I jukwaani alikitumia kitenzi hichohicho, katika sura yake nyingine, kumwachia mwanawe fedha. Quoth ikaendelea kuchakaa. Bequeath inatumika kwa mawakili wa London hadi hivi sasa.

Sasa twende kwa kunguru wako.

The Raven ilichapishwa kwa jina la Poe kwa mara ya kwanza Januari 1845 katika gazeti la Evening Mirror la New York. Kufikia wakati huo hakuna Mmarekani aliyekuwa akisema quoth dukani wala nyumbani. Poe alilichagua makusudi, na ukitaka kujua kusudi hilo fanya jambo hili: chukua penseli, pitia beti zote 18, upigie mstari kila kitenzi cha kusema. Mimi nimefanya hivyo na wanafunzi wangu mara nyingi na kila mara darasa hunyamaza kidogo.

Mwanamume aliyekaa chumbani peke yake usiku wa manane, akimlilia Lenore, mpenzi wake aliyefariki, anasema kwa maneno ya kawaida ya watu: I said, said I. Uchungu ukizidi analia, I cried. Karibu na mwisho anapiga yowe, I shrieked. Vitenzi vyake vinapanda kadiri akili yake inavyopoteza utulivu. Ndege je? Quoth the Raven. Quoth the Raven. Mara tano, katika beti ya 8, ya 14, ya 15, ya 16 na ya 17, bila kupanda wala kushuka. Binadamu anabadilika, ndege habadiliki. Na binadamu hapewi quoth hata mara moja. Neno lililoganda, lisilo na wakati ujao, lisilonyambulika, lisiloweza kusogezwa mahali pake, amepewa kiumbe ambaye naye jibu lake ni moja tu. Sidhani Poe angepata kitenzi kingine katika Kiingereza chote kinachofanana hivyo na kunguru wake.

Kuna mahali pamoja ambapo anaweka said kwa ndege: mwisho wa ubeti wa 10, Then the bird said ‘Nevermore.’ Angalia kwamba hapo hamwiti Raven, anamwita bird, ndege tu. Katika ubeti unaofuata mwanamume bado anajifariji kwamba huyu ni mnyama aliyekariri neno kutoka kwa mwenye nyumba fulani mwenye mikosi. Anamwona ndege wa kawaida, kwa hiyo kitenzi ni cha kawaida. Anapoanza kumwona nabii, katika beti za mwisho, quoth inarudi na haiondoki tena.

Kwa hiyo tafsiri yako itahitaji vitenzi viwili tofauti, na usikubali mtu akushauri uweke “akasema” kila mahali kwa sababu ni rahisi. Kwa mwanamume tumia “nikasema”, “nikalia”, “nikapiga yowe”. Kwa kunguru tafuta kitu kilichozeeka kidogo lakini kinachoeleweka.

Najua baada ya haya yote utashawishika kuweka “akaamba”. Kwa historia ni jozi yake kamili. Lakini nakusihi usifanye hivyo. Msomaji wa leo akisikia “akaamba kunguru” atadhani kunguru anasengenya, au atadhani umekosea “akaambia” na ataanza kumtafuta aliyeambiwa. Neno likishapinda maana halinyooki kwa sababu mtafsiri anaijua asili yake. Mimi ningechukua kunena. Kinasikika, kinaheshimika, kimo katika mashairi na katika methali, na bado mtoto wa shule anakielewa. Kisha ningekata ile a ya mbele, kama washairi wetu wafanyavyo na kama watu wa pwani wasimuliavyo: si “akanena” bali “kanena”. Umbo hilo limepungua kitu, kama quoth ilivyopungua, na linatembea kwa kasi ya kisa.

Mpangilio hautakupa shida hata kidogo. Kiswahili kinaruhusu kitenzi kutangulia katika masimulizi bila kuvunja chochote: kanena kunguru. Hapo tumepata bure kile ambacho Poe alilazimika kukiazima kwa wazee.

Limebaki Nevermore. Mwaka 1846 Poe alichapisha maelezo ya jinsi alivyolitunga shairi hili, na humo anasema alitaka kiitikio kiwe na o ndefu pamoja na r, kwa ajili ya mvumo wake. Kiswahili hakina neno la maana hiyo lenye sauti hizo, na ukilazimisha utaharibu. “Asilani” ni zuri lakini ni laini, linamalizika kama wimbo wa kubembeleza. “Kamwe” linataka kitenzi kikanushi kiwe karibu. Ningeweka “Katu”. Ni fupi, ni kavu, limefungwa, na linaanza kwa k. Poe alikuwa na kishindo cha k kwenye quoth, nasi tutakirudisha, tena mara tatu: Kanena kunguru: “Katu.”

Lisome kwa sauti, usiku kama unaweza. Kisha kwenye ubeti wa 10, usiguse kunena. Weka “Ndege akasema: ‘Katu’”, ili atakayekusoma naye, akichukua penseli yake, aukute ule mwanya Poe aliouacha.